Zoezi la Tatu

Nilipuliza filimbi. "Mikono juu!"

Lilikuwa zoezi la tatu katika kitabu cha drili, na mkaguzi wa shule, Mzungu wa soksi ndefu, alisimama kando ya uwanja akitazama. Darasa la pili walilijua vizuri zoezi hilo tangu wiki iliyopita.

Wangare, wa kwanza mstarini, akachuchumaa. Akaweka mikono kichwani, macho kwenye vumbi. Aliyemfuata naye akachuchumaa, kisha mstari mzima, kimya.

Ndivyo askari walivyowaamuru juzi, wao na mama zao, kutwa nzima juani, huku baba zao wakipakiwa kwenye lori kupelekwa kizuizini, hapo shambani kwa Mzungu aliyewaajiri. Amri yao ilianza hivyo hivyo: "Mikono juu!"

Mkojo ulimchirizika Wangare hadi kwenye vidole vya miguu. Hakusogea.

Mkaguzi akatabasamu. "Mzuri sana, mwalimu. Hii toto iko na adabu."

Filimbi ilikuwa bado kati ya meno yangu. Nilimgeukia, nikaipuliza mpaka masikio yakaniuma.

"Na wewe, bwana! Mikono juu! Chuchumaa!"