Mkono wa Bi Viungo

Mama mkwe alivua saa, akavua pete, akakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, kisha akatangaza, "Leo tunapika wote wawili."

Aliyeambiwa ni mke wa mwanawe. Yeye kazi yake ni ufundi simu, na fundi mzuri tu. Simu iliyotumbukia chooni mpelekee, utaondoka nayo inaongea. Lakini jikoni hajui hata kuwasha oveni. Kila Jumapili tangu achumbiwe, sinia ilikuwa ikienda ukweni imefunikwa kitambaa cheupe: sambusa za viazi na bizari, kachori, gulab jamun zinazoelea kwenye shira, keki ya iliki yenye zafarani juu. Wakwe walikula wakalamba vidole, wakasema mtoto wetu kapata mke. Aliyekuwa akipika ni huyo huyo mtoto wao.

Fundi hakukusudia kudanganya. Mawifi walisifu, naye akanyamaza, na ukishanyamaza mara ya kwanza, ya pili utaanzia wapi? Siku moja alimuuliza mumewe mapishi yote hayo kayatoa wapi. "Nyumbani," akajibu, akaendelea kukanda unga. Na kwao nani asiyekujua? Mama yake ndiye Bi Viungo mwenyewe. Katika ukoo ule, shughuli isiyo na ladu za Bi Viungo watu huiaga mapema.

Sasa Bi Viungo huyo kasimama jikoni kwake, na mawifi wanakuja alasiri kuonja mikono miwili kwa mpigo. Likifichuka leo, fundi ataitwa mwongo mpaka azeeke, na mumewe atachekwa na wajomba mpaka ahame mji.

"Nyie wanaume, sebuleni," mama mkwe aliamuru.

Mume alitoka akigeukageuka. Baba mkwe, aliyekuwa ameshafunua kopo la samli akinusa, naye akatoka shingo upande. Mlango ukarudishwa. Wakabaki wawili, na unga, na sufuria ya maji motoni.

"Haya mwanangu, anza. Nikuone mkono wako."

"Nitatanguliaje mbele yako, mama? Si adabu hiyo. Anza wewe, mie nijifunze."

"Aa, hapa ni kwako. Mie mgeni."

"Mgeni gani tena? Wewe ndiye mwenye nyumba."

Waliheshimiana hivyo mpaka maji yakachemka yakakaribia kukauka. Fundi akaona ajaribu ujanja mwingine.

"Hivi iliki unatia kiasi gani, mama?"

"Kiasi chake."

"Na shira unajuaje imeiva?"

"Inajionyesha yenyewe."

Loo, wapishi wenye jina na uchoyo wao. Mtu kaolewa na mwanao, unamficha hata iliki? Hapo fundi alijua hakika kwamba anapimwa, na kwamba kila anachokigusa kinahesabiwa. Akavuta kikapu cha viazi, maana kumenya hakuhitaji elimu.

Mama mkwe naye akashika kisu. Alimenya ganda nene hasa. Kiazi kikubwa kikaingia mkononi mwake, kikatoka gololi. Fundi aliona, akauma ulimi. Mtego huo, akawaza. Nikimkosoa nimekwisha, nikimenya nijuavyo nimejidai. Basi akamuiga, akamenya na yeye ganda nene, na bakuli likajaa gololi za viazi. Wakamenya hata viazi vya kesho.

Samli ambayo fundi aliiweka motoni, kwa kuwa lazima kitu kiwe motoni, ikaanza kutoa moshi. Mama mkwe akaitazama. Fundi akaitazama. Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa tabasamu la heshima, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Jamani, samli inaungua," baba mkwe alisema kutoka sebuleni.

"Tulia na gazeti lako," mama mkwe akamjibu, jasho linamtiririka shingoni. Fundi alidhani ni joto.

Mara mlango wa mbele ukagongwa. Mawifi hao. Walianza kucheka tangu kibarazani, wakaingia wakivuta viti, mmoja akauliza kwa sauti mbona leo hanusi ila moshi na yeye kaacha chakula cha mchana makusudi.

Fundi alitazama meza. Unga mkavu. Manda za sambusa ziko vile vile kwenye mfuko wake. Machozi yakamlenga, na wala si kwa ajili ya mawifi. Alimpenda huyu mama. Tangu siku ya kwanza alimwita mwanangu bila kulazimishwa na mtu, akamtunzia kipande cha nyama bora kila alipomtembelea, naye anamlipa kwa sinia za uongo. Afadhali aumbuke kwa mdomo wake mwenyewe. Akaweka kisu chini, akafuta mikono.

"Mama, nina jambo nataka nikwambie. Zile sinia za Jumapili..."

Mama mkwe alimwonyesha kiganja: nyamaza. Alikwenda kwenye mlango wa sebuleni, akautia komeo taratibu, akaujaribu kama umeshika. Alirudi uso umemkaza, hatazamiki. Fundi akafumba macho angojee lolote litakalokuja.

Akasikia mlango wa uani unafunguliwa.

"Baba yenu anazungukia huku nyuma, kama siku zote," mama mkwe alimnong'oneza. "Mwite na mumeo, mwanangu, leo peke yake hatawahi kupika vyote."