Kiraka cha Moyoni

Tangu Kombo ashonewe moyoni kiraka kilichooteshwa maabarani, hospitali ilisikiliza mapigo yake popote alipo, kama sheria ilivyotaka. Asubuhi moja muuguzi alimpigia simu mkewe, Mwanasha.

"Mama, moyo wa mzee hushtuka kila ikifika saa kumi na mbili jioni. Huwa kuna nini hapo nyumbani?"

"Hakuna kitu. Ndiyo saa ninayorudi kutoka kazini."

"Basi tutaendelea kusikiliza."

Mwanasha alishinda akijiuliza mumewe anamwogopa kwa nini, maana hawakuwahi hata kununiana. Jioni Kombo alimpokea kikapu akitabasamu kama kawaida. Mwanasha akapika, akaandaa, akamkaribisha.

Kombo aliutazama wali, kisha akamsogezea sahani taratibu.

"Anza kuonja wewe, mke wangu."