Fromaje ya Esdras

"Ombeni basi lile lipasuke pneu, tairi zote! Ombeni lianguke mutaroni!"

Sauti ya Esdras ilitoka kwenye simu iliyosimamishwa juu ya bidon, dumu la maziwa, karibu na dirisha, mahali pekee penye rezo ya simu katika nyumba nzima.

"Amina!" watu wakaitika. Walijaa mpaka mlangoni. Pale kijijini Bihambwe, kwa mama yake, Mama Mukashema, simu ya Esdras ilikuwa ya kila mtu.

Esdras alikuwa Zambia, kiongozi wa sendika ya wafanyakazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma. Tangu mwenzao aungue tanurini, wafanyakazi walikuwa wamegoma. Sasa patron, mwenye kiwanda, ameagiza watu wengine, basi zima, waje kushika nafasi zao. Basi likipita getini, mgomo umekufa, na Esdras, mgeni mwenye kibali cha kazi tu, atarudishwa kwao mikono mitupu.

"Hao watu wanatoka wapi?" akauliza jirani, Papa Karangwa.

"Nitajua wapi, Papa? Ni watu wa njaa! Wanadanganywa, wana... Allô? Allô?"

Rezo imekwenda. Nyumba nzima ikasonya. Mtu akaisogeza bidon kidogo, sauti ikarudi ikikwaruza.

"Mama! Yves ako wapi? Simu ya mudogo yangu haiingii, nakasirika bure huku!"

Watu wakakanyagana miguu, kuonyana wasitoboe siri. Dada yao Astrid akajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Ako kwa ng'ombe," Mama akajibu haraka. "Esdras, nimekutumia fromaje, jibini ya ng'ombe wetu."

"Fromaje? Mimi nasema vita, weye unasema fromaje! Umempa nani?"

"Utaona mwenyewe."

"Mama, sina muda wa... Ee! Basi njo lile! Linakuja!"

Simu ikakatika. Papa Karangwa akaitikisa, akaipuliza, akaitukana.

Mama Mukashema akapiga magoti palepale kati ya miguu ya wageni. "Bwana, wale wezi wa kazi wasishuke salama."

"Amina!"

Simu ikalia. Mama akairukia.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Yves, ya chini, kama ya mtu aliyejikunja chini ya kiti. "Tumefika pa kazi, kiwandani kwa kaka. Lakini watu wanapiga basi letu mawe. Fromaje yake ningali nayo mapajani. Kaka njo muntu wa mbele, ameshika jiwe. Hajaniona."