Usingizi wa Mama

Siku hizo mtu aliweza kulala kwa niaba ya ndugu yake. Wote wawili walivaa bangili; mmoja akilala, mwingine ndiye aliyepumzika. Nakijwa, muuguzi wa wodi ya watoto mjini Same, alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili bila kuacha kazi, mama yake alinyoosha mkono kabla hajaombwa.

"Mimi nimeshazeeka, mwanangu. Kukaa macho kwangu kunamsaidia nani?"

Mwaka wa pili ulipofika, mama alikuwa akilala saa kumi na nane kwa siku. Mchicha wake ulikauka bustanini. Nakijwa alitoka zamu, akasoma, akarudi zamu, wala hakuchoka. Utafiti wake ulihusu vidonda vya wagonjwa wanaolala muda mrefu.

Jumamosi moja mchana, akimbadilisha mama kanga, aliona alama nyekundu nyongani. Akaibonyeza kwa kidole. Haikufifia. Alikuwa ameandika kurasa arobaini juu ya alama kama ile.

Akashika bangili ya mama ili aivue. Mama akafumbua macho.

"Imebaki miezi mingapi?"

"Minne, mama. Lakini basi, nitaahirisha."

"Nimelala muda wote huu, halafu uahirishe? Nigeuze upande wa pili tu."

Nakijwa akamgeuza, akamwekea mto mgongoni, akamwangalia mpaka usingizi ukamchukua tena. Bangili hakuivua. Alivuta kiti, akafungua kitabu. Kichwa chake kilikuwa chepesi, na hilo ndilo lililomliza.