Pezi la Tatu

Kila baada ya miaka kumi, mume na mke hurusha roketi waliyoiunda pamoja. Ikipaa wima, ndoa inaendelea. Ikienda upande, wanatenganishwa siku hiyohiyo.

Mapezi matatu ya mkiani, ya kuiweka wima, niliyakata mimi, kwa mbao nyembamba. Mume wangu Shekue, fundi seremala asiyekosea pembe, akayabandika.

Roketi yetu ilipinda, ikaanguka kwenye mahindi ya jirani.

"Ni upepo tu, mama Nyange," Shekue aliniambia, akinishika bega. "Majaaliwa hayo."

Nilikwenda kuiokota. Pezi la tatu lilikuwa limeng'oka, na pale lilipobandikwa palikuwa na mstari wa penseli. Ulikuwa wa mshazari, umepigwa kwa rula, tena umekolezwa mara mbili, kama afanyavyo akishakuwa na uhakika.