Waya wa Kupokea

Tangu dawa zianze kutolewa kwa idhini ya kompyuta peke yake, kila nyumba yenye mgonjwa ilifungiwa waya. Mama Nsia alisimama akimwangalia fundi anavyounganisha kipimo cha presha cha mumewe na kompyuta ya sebuleni.

"Nyaya ni tatu, mama," fundi alisema. "Huu wa kutuma, huu wa kupokea, na huu wa ardhi. Kasi zikilingana pande zote mbili, kipimo na kompyuta vinaelewana."

"Kipimo kinatuma namba. Sasa kinapokea nini?"

Fundi aliinamia skrubu zake. "Ndivyo tulivyoagizwa."

Wiki nzima presha ya Baba Nsia ilisomeka mia moja ishirini kwa themanini, asubuhi na jioni, huku miguu ikizidi kumvimba na kichwa kikimgonga. Siku ya nane, akiandaa chai ya saa nne, Mama Nsia aliuvingirisha mkanda wa kipimo kwenye chupa ya chai, akabonyeza. Mkanda ukajaa upepo, ukalegea. Mia moja ishirini kwa themanini.

Basi. Kwa ncha ya kisu akaulegeza ule waya wa kupokea, akauchomoa, akapima tena chupa ileile. Safari hii kipimo kikasema kweli: hakuna mapigo.

Waya wa kutuma ulikuwa bado mahali pake. Kompyuta ikawaka: "Poleni kwa msiba. Dawa zimesitishwa."

Akaurudisha waya haraka. Maandishi hayakubadilika.

"Mama Nsia," mumewe aliita kutoka chumbani, "hiyo chai vipi?"