Picha ya Nane

"Fungua hicho kisanduku," aliniambia Mzee Donatus, askari wa geti, bila kunitazama.

Mkataba wangu ulikuwa umekwisha asubuhi ile. Katika mgodi huu wa almasi hata kisigino cha kiatu hupekuliwa. Ndege peke yao ndio hutoka bila kuulizwa.

"Mzee, hii ni kamera. Filamu bado imo ndani; mwanga ukiingia, picha zote zinaungua."

Nilikuwa nimejifunza kuitumia kwa kupiga picha ndege saba, wakiwemo shomoro wa kantini, kunguru wa jalalani, njiwa wa juu ya tangi. Ya nane ilikuwa ya korongo aliyetua juu ya geti, na chini yake Mzee Donatus mwenyewe. Aliniomba nimpige jana. Alifunga kifungo cha shingoni, akajinyoosha.

"Mpelekee mama yangu, kule Ushirombo. Mwaka wa sita huu hajaniona. Watu wamemwambia nimekufa."

Sasa bwana mkubwa wa mgodi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, anatutazama.

Mzee Donatus alimwona. Mkono wake ukapanda taratibu, ukafunga kile kifungo cha shingoni. Akajinyoosha kama jana.

"Fungua, mwanangu."